Mume amekwisha lipia safari ya meli, nami ninamhofia mama

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, na kwa sasa ninaishi Houston, Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, alikuja kututembelea mwezi Desemba na anatarajia kurudi Tanga mwezi Aprili. Ana kisukari na shinikizo la damu, anajidunga insulini kila siku, na Kiingereza chake ni cha salamu tu.

Mwezi Septemba mwaka jana, familia kadhaa za Watanzania wa hapa zilikubaliana kusafiri pamoja kwa meli ya kitalii kwa siku saba, kutoka bandari ya Galveston hadi Cozumel nchini Mexico na bandari nyingine mbili za Karibi, wakati wa likizo fupi ya shule mwezi huu ujao wa Februari 2022. Mume wangu ndiye aliyechaguliwa kukusanya michango na kuwasiliana na kampuni ya meli. Bei tuliyopata ni ya kundi, kwa hiyo idadi ya vyumba ikipungua, wanaobaki watatakiwa kulipa zaidi. Alipojua kwamba mama anakuja, alimwongeza kwenye orodha bila kuniuliza, akasema ni zawadi ya mkwe. Mama alifurahi mno. Amekwisha wasimulia wenzake wote wa kikundi cha vikoba, na anasema yeye aliyevuka kwenda Pemba kwa boti za mbao hawezi kuogopa meli yenye lifti.

Tangu Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ianze kusambaa, mimi sina raha. Kazini kwetu wazee wawili wamepatikana na UVIKO-19 wiki iliyopita. Mume wangu anasema ninakuza mambo, kwa kuwa kila mtu mzima atakayepanda atakuwa amechanjwa na kupimwa, na kwamba mama yuko hatarini zaidi tunapokwenda naye dukani kuliko atakavyokuwa melini. Nilipomwonesha fomu ya afya iliyotumwa na kampuni, inayouliza kuhusu maradhi ya kudumu na kama tumekaribiana na mgonjwa wa UVIKO-19, alinijibu, "Weka hapana tu, zote." Tena ameniomba nisimweleze mama habari za meli zilizopata maambukizi mwezi Desemba, eti nitamtia hofu bure. Wifi yangu naye ameniambia mbele ya watu kwamba kuosha wazee hakujanifanya kuwa daktari.

Mama alichanjwa Tanga mwezi Agosti kwa chanjo ya Janssen, dozi moja. Mimi na mume wangu tumechanjwa, mtoto mkubwa amechanjwa, mdogo bado hajafikia umri unaoruhusiwa.

Je, ninakosea kuhofia? Na kama sikosei, nitamzuiaje mama bila kumwaibisha mume wangu mbele ya watu waliomwamini kwa fedha zao, na bila mama kuona kwamba ninamnyima raha?

Mama Nasra, Houston

Marahaba, mwanangu.

Sitakuzungusha. Kwa hali ilivyo mwezi huu wa Januari 2022, mama yako asipande meli hiyo mwezi ujao, na mtoto wako wa miaka mitatu naye asipande. Kuhusu wewe na mumeo nitasema baadaye, kwa kuwa ninyi ni watu wazima wenye afya na chanjo, na mnaweza kuamua wenyewe.

Lakini hoja za mumeo si za kipuuzi, na ukizibeza hatakusikiliza. Ni kweli kwamba meli za leo si zile za mwanzo wa janga. Meli ya Diamond Princess ilipozuiliwa Yokohama, Japani, mwezi Februari 2020, ilikuwa na watu 3,711, na watu 712 kati yao walikutwa na virusi. Wakati huo hapakuwa na chanjo, vipimo vilikuwa haba, na abiria walipofungiwa vyumbani wahudumu waliendelea kupika, kugawa chakula na kulala zaidi ya mmoja katika chumba kimoja, kana kwamba karantini iliwahusu waliolipa nauli peke yao. Karibu nusu ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Mwezi uliofuata, meli ya Zaandam iliyokuwa imeondoka Buenos Aires ilijikuta ikikataliwa bandari moja baada ya nyingine, watu wanne wakafia ndani yake, hadi iliporuhusiwa kuingia Florida tarehe 2 Aprili 2020.

Kutokana na mambo hayo, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, yaani CDC, kilisimamisha safari za meli za kitalii tarehe 14 Machi 2020, na kilipoanza kulegeza mwezi Oktoba mwaka huo kiliweka masharti mazito: maabara ya kupimia ndani ya meli, vyumba vilivyotengwa kwa wagonjwa, na makubaliano ya maandishi na bandari pamoja na hospitali za nchi kavu. Meli ya kwanza kuondoka Marekani na abiria wa kulipia baada ya kusimama kule, Celebrity Edge, iling'oa nanga Florida tarehe 26 Juni 2021. Ukilinganisha na harusi au msiba ambao jumuiya yenu imekusanyika ukumbini mwaka huu bila mtu kuulizwa cheti, meli imepangwa vizuri zaidi. Mpe mumeo haki yake hapo.

Anapokosea ni kwenye mfano wa duka. Dukani mama anakaa nusu saa, akiwa na barakoa, kisha anarudi nyumbani kwako. Melini atakula, atalala, atapanda lifti na kukaa kwenye kumbi zilizofungwa kwa siku saba pamoja na maelfu ya watu, na chakulani barakoa huvuliwa. Kipimo kinachotakiwa kwa aliyechanjwa ni cha ndani ya siku mbili kabla ya kupanda, na mtu aliyeambukizwa jana yake anaweza kupata majibu safi, akaingia na virusi vyake, akaanza kuviambukiza siku ya pili au ya tatu mkiwa katikati ya bahari. Hata bila uzembe wa mtu yeyote, hivyo ndivyo Omicron ilivyopenya. Kati ya tarehe 15 na 29 Desemba, meli za kitalii zilizo chini ya CDC ziliripoti wagonjwa 5,013, ilhali wiki mbili za mwanzo wa mwezi huo zilikuwa zimeripoti 162 tu. Wengi wao hawakuugua sana, na hilo mumeo atalitaja, nawe umkubalie. Hata hivyo, tarehe 30 Desemba CDC ilipandisha tahadhari ya safari za meli hadi ngazi ya nne, ambayo ndiyo ya juu kabisa, na kushauri watu waepuke safari hizo hata kama wamechanjwa, hasa wale walio katika hatari ya kuugua vibaya. Mama mwenye miaka 67, kisukari na presha ndiye hasa aliyekusudiwa.

Liko jambo jingine ambalo huenda kundi lenu halijalisikia. Ile amri ya CDC yenye masharti ilikoma tarehe 15 mwezi huu, na sasa mpango uliobaki ni wa hiari. Mumeo aiulize kampuni, kwa maandishi, kama imejiunga, kisha atazame rangi ambayo meli yenu imepewa kwenye orodha ya CDC. Rangi ya kijivu humaanisha kwamba kampuni imeamua kutojiunga. Pia ajue kwamba kampuni za meli za Royal Caribbean na Norwegian zimefuta baadhi ya safari zao za mwezi huu, na kwamba mwezi Desemba zipo meli zilizokataliwa kutia nanga katika bandari zilizokuwa kwenye ratiba, zikiwamo za Aruba na Bonaire. Mnaweza kulipia Cozumel mkaishia kutazama maji.

Sasa nifike kwenye swali ambalo ninyi nyote, pamoja na wewe mwenye hofu, hamjaliuliza. Mnabishana kama mama ataambukizwa au hataambukizwa, jambo ambalo hakuna awezaye kuliapia. Swali linaloamua ni hili: siku ya nne ya safari kipimo chake kikionesha ana virusi, saa moja baadaye atakuwa wapi, pamoja na nani, na kwa gharama ya nani?

Atahamishiwa kwenye chumba cha kutengwa, ambacho huwekwa mbali na vya abiria wengine. Chakula kitaachwa mlangoni. Muuguzi atampigia simu ya chumbani na kumuuliza kwa Kiingereza anajisikiaje, na yeye atajibu "fine", kwa sababu ndilo neno alilo nalo. Nani atamwangalia anapojidunga insulini usiku, wakati maambukizi yenyewe huvuruga sukari, na chakula kilicholetwa huenda hakuweza kukimaliza? Huenda kampuni ikakuruhusu uingie naye, ukubali kufungiwa na kuambukizwa, huku watoto wakibaki na baba yao, au isikuruhusu. Zahanati ya meli imeandaliwa kumtuliza mgonjwa hadi bandari ijayo. Haikuandaliwa kumlaza mzee mwenye nimonia kwa wiki mbili kwenye mashine ya kupumulia.

Hayo yalitokea karibu na kwenu. Mwezi Agosti 2021, meli ya Carnival Vista, iliyoondokea Galveston hiyo hiyo, ilitia nanga Belize ikiwa na watu 27 waliokutwa na virusi, wafanyakazi 26 na abiria mmoja, ingawa karibu kila mtu aliyekuwamo alikuwa amechanjwa. Abiria huyo, mwanamke wa miaka 77, alilazwa hospitali Belize, kisha akasafirishwa kwa ndege hadi Oklahoma, ambako alifariki. Kampuni ilisema kwamba hakuambukizwa ndani ya meli yake, na huenda ni kweli. Lakini kwa familia iliyo katika hospitali ya nchi ngeni ikihangaikia ndege ya wagonjwa, mjadala wa nani alimwambukiza nani hausaidii kitu.

Yule alikuwa Mmarekani anayerudi kwao. Mama yako ni mgeni. Bima yake ya usafiri, kama anayo, isome neno kwa neno kabla ya jambo lolote: je, inalipia UVIKO-19, je, inalipia akiwa nje ya Marekani, je, inalipia kusafirishwa akiwa mgonjwa, je, inakubali mtu mwenye maradhi aliyokuwa nayo tangu zamani, na je, inajitoa pale msafiri anapokwenda kinyume cha tahadhari ya serikali? Bima nyingi za wageni huanguka kwenye moja ya maswali hayo. Tena hakikisha viza yake inaruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja, maana meli ikifika Cozumel atakuwa ametoka nchini, na wepesi wanaopewa raia wa Marekani wanaporudi bandari waliyotoka haumhusu yeye. Akishushwa Mexico kwa ugonjwa, atalazimika kurudi kwa ndege, na sheria ya ndege ya sasa, Januari 2022, inadai kipimo safi cha ndani ya siku moja kabla ya kuruka, au hati ya daktari kwamba amepona na anaweza kusafiri. Mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka wodini, jaribu kumfikiria akiyahangaikia hayo kwa lugha mbili asizozijua.

Kuhusu fomu, sina maneno mengi. Usiandike "hapana" mahali ambapo jibu ni "ndiyo". Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani huenda sijaelewa, kwa sababu unasema mumeo ni mtu anayeaminiwa fedha za watu. Jibu la uongo kuhusu afya linaweza kuipa kampuni ya bima sababu ya kukataa dai, na kampuni ya meli sababu ya kuwashusha. Zaidi ya hayo, daktari wa meli atakayemkuta mama amezimia anatakiwa ajue kabla hajamgusa kwamba ana kisukari. Kuhusu wazee wa kazini kwako, fomu hizo mara nyingi hutofautisha aliyekaribiana na mgonjwa nyumbani na mfanyakazi aliyemhudumia akiwa amevaa vifaa kamili vya kinga. Soma maneno yake, andika ukweli, na pale panapotatiza waulize kwa barua pepe ili ubaki na jibu lao.

Ninadhani kinachomsumbua mumeo zaidi ni zile fedha za watu na jina lake, na aibu yake naielewa. Zungumza naye mkiwa wawili, watoto wamelala, na usianze na Omicron. Anza na michango: muulize tarehe ya mwisho ya kughairi au kuahirisha kwa mujibu wa mkataba ni ipi. Kampuni nyingi katika kipindi hiki zinakubali kuhamishia safari tarehe ya mbele, au kumwekea mteja salio la kutumia baadaye, ila huwa na siku ya mwisho, na ikipita hiyo fedha huanza kukatwa. Kama siku hiyo haijafika, kazi ya mweka hazina mwaminifu ni kuitangaza kwa wote, pamoja na tahadhari ya CDC, na kila familia iamue yenyewe. Akikaa kimya ili idadi ya vyumba isipungue, halafu mtu mmoja augue, ndipo jina lake litakapochafuka kweli. Nisingeshangaa pia kuona, baada ya yeye kusema, kwamba katika familia hizo wapo wengine wenye wazee au vichanga waliokuwa wakisubiri mtu mwingine atangulie kufungua mdomo.

Ikiwa kundi litaamua kwenda na tofauti ya bei ya chumba cha mama ikawaangukia wenzenu, ilipeni ninyi. Itauma, ila ni gharama inayojulikana na ina mwisho. Mumeo akitaka kwenda na kundi kwa sababu ya dhamana aliyoibeba, mwache aende na mtoto mkubwa kama mtakubaliana, avae barakoa yenye kubana vizuri, ale sehemu za wazi kila inapowezekana, na akirudi akae mbali na mama hadi apimwe. Wewe nakushauri ubaki. Unahudumia wazee dhaifu, na likizo yako isiwe chanzo cha maambukizi mapya wodini kwenu. Huo ni ushauri, si amri. Wifi yako muache. Aliyetumia miaka miwili hii kuwavusha wazee wa watu hana haja ya kujibu kejeli za sebuleni.

Kwa mama, jambo lililonikera katika barua yako ni kwamba kila mtu anapanga kumhusu na hakuna aliyemuuliza. Alipewa zawadi bila kujua hatari yake, na sasa unaniuliza namna ya kumzuia kana kwamba ni mtoto. Keti naye, umweleze yote kwa Kiswahili kilichonyooka: wagonjwa wa Desemba, chumba cha kutengwa, lugha, insulini, bima. Mwambie kwamba bahari haina kosa hapa, na kwamba boti ya Pemba humfikisha mtu kwa watu wake kabla jua halijatua, ilhali akipatwa na ugonjwa ndani ya meli hii, itamweka siku kadhaa asikofahamu mtu. Mpe nafasi ya kukataa mwenyewe, ili atakapowapigia wenzake wa vikoba aseme, "Nimeahirisha," na si, "Wamenizuia." Kama hamu ya maji imemshika, Galveston ina feri ya bure inayovuka kwenda rasi ya Bolivar, ambayo mnaweza kupanda mkakaa juu, upepo ukiwapuliza, na mkarudi nyumbani kula.

Akisisitiza kwenda baada ya kuyajua yote hayo, uamuzi ni wake, lakini masharti yawe matatu na yasipunguzwe: barua ya daktari aliyempima hapa Houston, bima iliyojibu maswali niliyoyataja, na wewe kulala chumba kimoja naye.

Liko moja msilolisubirisha, aende asiende. Kwa sasa, Januari 2022, waliochanjwa dozi moja ya Janssen wanashauriwa na CDC kupata dozi ya nyongeza baada ya miezi miwili, na tangu mwezi Desemba 2021 ushauri ni kwamba nyongeza hiyo ni bora iwe ya Pfizer au Moderna. Mama amepitisha miezi mitano. Dozi hiyo kwa sasa hutolewa bure kwenye maduka makubwa ya dawa, kwa mgeni na mwenyeji, mwenye bima na asiye nayo. Mpeleke wiki hii akiwa na cheti chake cha chanjo cha Tanzania, na waombe wamjazie kadi ya hapa, aje nayo nyumbani ikiwa na tarehe na jina la chanjo, maana huenda akaihitaji pia kwenye ndege ya Aprili.